Chaja iko ndani ya gari: misingi ya kuchajia magari ya umeme kwa fundi anayejifunza

Mteja amenunua Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, ameitoa bandarini Mombasa, na sasa anampigia simu fundi umeme: “Fundi, njoo unifungie chaja nyumbani.” Ombi hilo tayari limebeba mkanganyiko, kwa sababu chaja ya gari hilo imo ndani ya gari tangu kiwandani. Kisanduku kinachofungwa ukutani hakichaji chochote. Ni swichi yenye ulinzi na uwezo wa kuwasiliana na gari. Fundi asipolielewa hilo mapema, kila hesabu itakayofuata itaanza vibaya: saizi ya waya, aina ya breka, hata jibu la swali ambalo kila mteja huuliza, yaani gari litajaa baada ya saa ngapi.

Tuanze na betri. Betri hupokea na kutoa umeme wa DC, ule unaokwenda upande mmoja tu. Umeme unaofika nyumbani kutoka Kenya Power au TANESCO ni AC, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Lazima pawe na kitu cha kuugeuza, na kitu hicho ndicho chaja. Kwenye Leaf za mwanzo ilikaa nyuma ya viti vya abiria. Zilizotoka 2013 na kuendelea ikahamia chini ya boneti. Ina kikomo chake, na kikomo hicho hakibadiliki kwa kufunga kisanduku kikubwa ukutani. Leaf nyingi za kizazi cha kwanza zilizouzwa Japani zina chaja ya kilowati 3.3 hivi. Mfungie mwenye gari hilo kisanduku cha fezi tatu cha kilowati 22, gari litavuta zile zile 3.3 kutoka fezi moja, na fezi mbili zitabaki hazina kazi. Mteja atakuwa amelipia kebo nene, breka kubwa na pengine maombi ya kuongezewa fezi, bila kupata hata dakika moja ya haraka.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi akifika kwa mteja liwe hili: chaja ya ndani ya gari lako ni ya kilowati ngapi? Betri ya kilowati-saa 24 ikiwa tupu, kwa chaja ya 3.3, itahitaji saa saba na kitu, na ukiongeza umeme unaopotea kama joto njiani, sema saa nane. Hiyo ni saa moja usiku hadi saa tisa alfajiri. Kwa mtu anayelala nyumbani kwake hilo halina shida yoyote, na fundi mwema atamwambia hivyo badala ya kumuuzia kitu kikubwa.

Mazungumzo kabla ya umeme

Shika plagi ya Type 2, ile ya Ulaya, uitazame kwa mbele. Utaona matundu saba. Matano ni ya umeme wenyewe: fezi tatu, nyutro na ethi. Mawili madogo ya juu huitwa CP na PP, na hayo ndiyo yanayofanya kifaa hiki kiwe tofauti na soketi zote ulizowahi kufunga.

Kisanduku kikiwa peke yake, bila gari, kontakta yake, yaani swichi kubwa ya ndani inayoendeshwa kwa umeme, iko wazi. Hakuna umeme kwenye pini kubwa hata moja. Kilichopo ni volti 12 za DC tu kati ya CP na ethi. Ukichomeka gari, ukinzani wa omu 2,740 uliomo ndani ya gari huivuta volti hiyo hadi 9, na kisanduku kinatambua kwamba gari limefika. Kinaanza kutuma mawimbi ya mraba, mara 1,000 kila sekunde, yanayoruka kati ya volti 9 chanya na volti 12 hasi. Ujumbe umo kwenye upana wa wimbi. Chukua asilimia ya muda ambao wimbi liko juu, uizidishe kwa 0.6, utapata ampea ambazo gari limeruhusiwa kuvuta. Asilimia 10 ni ampea 6. Asilimia 26.7 ni ampea 16. Asilimia 53.3 ni ampea 32.

Gari linausoma ujumbe huo. Likiwa tayari, linaunganisha ukinzani wa pili sambamba na ule wa kwanza, na ile volti ya juu inashuka kutoka 9 hadi 6. Hapo ndipo utasikia kontakta ikigonga ndani ya kisanduku, na umeme wa volti 230 unaingia kwenye plagi kwa mara ya kwanza. Ukichomoa, mambo hurudi kinyume. Kwenye plagi ya Type 1, ile ya magari ya Japani, kitufe unachobonyeza kwa kidole gumba ili kuifungua hubadilisha ukinzani wa PP, gari linaacha kuvuta mkondo, ndipo pini zinapoachana. Kwa hiyo pini haziachani zikiwa na mzigo, na cheche hazipati nafasi ya kuzila.

Kuna jambo moja hapa linalowachanganya sana wanafunzi. Ukipima CP kwa multimita ya kawaida wakati gari linachaji, huoni 6 wala 12. Multimita inakupa wastani wa wimbi zima. Kwa kisanduku cha ampea 32 wimbi liko juu kwenye volti 6 kwa asilimia 53.3 ya muda, na muda uliobaki liko kwenye 12 hasi, hivyo utasoma karibu volti 2.4 hasi. Kikiwekwa ampea 16, utasoma karibu 7.2 hasi. Fundi asiyejua hilo atasema kisanduku kimeharibika na kuanza kukifungua, kumbe kiko sawa kabisa. Ukitaka kuona wimbi lenyewe unahitaji osiloskopu, au kifaa cha kupimia kinachojifanya gari.

PP ina kazi nyingine kwenye kebo za Type 2 zinazochomolewa pande zote mbili. Ndani ya plagi kuna ukinzani mdogo unaotaja uwezo wa kebo: omu 680 ni ampea 20, omu 220 ni ampea 32. Kisanduku kikikuta kebo ya ampea 20, kitatangaza 20 hata kama chenyewe kinaweza 32.

Sasa angalia fundi anaingia wapi. Kisanduku hutangaza kiwango ambacho mfungaji amekiwekea, kwa kawaida kwa swichi ndogo zilizo kwenye bodi ya ndani au kupitia programu ya simu. Kikitoka kiwandani mara nyingi kimewekwa kwenye kiwango cha juu. Ukikifunga kwenye waya na breka ya ampea 20 halafu ukasahau kushusha kiwango hicho, kisanduku kitaliambia gari livute 32, na gari lenye chaja kubwa litatii. Breka itakatika usiku kucha, au, ikiwa ni ya ovyo, haitakatika. Kuangalia swichi hizo ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo ninayoiona ikisahauliwa kuliko zote.

Njia nne za kuchaji

Kiwango cha kimataifa cha IEC 61851 kinagawa kuchaji katika njia nne. Ya kwanza ni gari kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi bila mazungumzo yoyote. Kwa magari iache kabisa. Ya pili ni ile kebo yenye kiboksi katikati inayokuja na gari: plagi ya kawaida upande mmoja, plagi ya gari upande wa pili, na mazungumzo ya CP hufanywa na kiboksi. Ya tatu ni kisanduku kilichofungwa ukutani kwa laini yake peke yake. Ya nne ni vituo vya DC, ambako chaja imetoka ndani ya gari ikahamia kituoni, ndiyo maana vituo hivyo huwa na ukubwa wa kabati. Kazi nyingi utakazoitiwa ni za njia ya pili na ya tatu, na hatari nyingi zimo kwenye ya pili.

Kebo iliyokuja na gari

Afrika Mashariki hupokea magari kutoka pande tatu za dunia, na kila upande umekuja na plagi yake. Leaf za Japani zina Type 1 yenye pini tano kwa AC, na CHAdeMO kwa DC. Magari na mabasi mengi ya China yametengenezwa kwa plagi za GB/T, ingawa yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje mara nyingi huwekewa plagi za Ulaya. Yanayotoka Ulaya yana Type 2 kwa AC, na kwa DC hutumia CCS2, yaani Type 2 iliyoongezewa pini mbili nene chini yake. Umoja wa Ulaya uliichagua Type 2 kuwa kiwango chake mwaka 2014. GB/T ya AC inafanana nayo sana kwa umbo hadi mtu hudanganyika, lakini pini na matundu vimebadilishana upande. Usilazimishe. Adapta nzuri zipo kwa AC, kwa sababu lugha ya CP karibu ni ile ile kote. Kwa DC ni habari nyingine: CHAdeMO huzungumza kwa njia tofauti kabisa na CCS, na adapta ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka haipaswi kukaa katikati ya volti 400 na mtu.

Nataka kukaa kidogo kwenye kebo ya Japani, kwa sababu ndiyo utakayoikuta sana. Kebo inayokuja na Leaf ya soko la Japani imetengenezwa kwa umeme wao wa volti 200 na mkondo wa ampea 15, kwa plagi yao ambayo haiingii kwenye soketi zetu. Anachofanya fundi mwenye haraka ni kuikata plagi hiyo na kufunga plagi yetu ya pini tatu bapa, ya ampea 13. Gari linachaji, mteja anafurahi, fundi analipwa.

Fikiria kinachotokea ndani ya plagi hiyo. Inapitisha ampea 15 kwa saa saba mfululizo kila usiku, wakati imetengenezwa kwa 13, tena kwa vitu kama pasi na birika vinavyowaka dakika chache na kuzima. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani haitakatika kwa 15. Fyuzi za aina hiyo hustahimili mkondo uliozidi kidogo kwa muda mrefu sana, zikizidi kupata moto. Moto huo unapita kwenye shaba ya pini hadi kwenye soketi. Chemchemi inayobana pini ya waya wa moto inalegea, mgusano unapungua, joto linapanda tena. Ukiitwa miezi michache baadaye, utakuta soketi ina rangi ya kahawia kuzunguka tundu la kulia, plastiki imepinda, na plagi haitoki bila kuvutwa kwa nguvu. Vunja soketi hiyo uone waya: ganda lake litakuwa limekauka na kukatika kama ganda la yai kwa sentimita kadhaa kurudi nyuma.

Kuna jambo la pili. Kiboksi cha kebo hiyo kimeandikwa volti ambazo kinaruhusiwa. Kisome. Kikitaja 200 peke yake, mtengenezaji hajaahidi chochote kwa 240. Mshauri mteja anunue kisanduku cha ukutani cha Type 1 au kebo iliyotengenezwa kwa volti zetu, ile inayojizuia kwenye ampea 10 inapotumia plagi ya kawaida. Ampea 10 ni kilowati 2.3, na kwa mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku mjini zinatosha usiku mmoja na kubaki.

Mzigo usiopumzika

Fundi aliyezoea nyumba za kawaida amejifunza kwamba vitu havitumiki vyote kwa wakati mmoja wala kwa muda mrefu. Gari la umeme linavunja mazoea hayo. Linavuta mkondo wake wote, bila kupumzika, saa tano hadi kumi, na ndiyo sababu kanuni zinataka laini yake ihesabiwe kwa mzigo kamili bila punguzo. Kasoro iliyojificha miaka kumi kwenye laini ya jiko itajitokeza kwenye laini ya gari ndani ya wiki.

Chukua terminali moja tu ambayo skurubu yake haikukazwa vizuri, ikabaki na ukinzani wa omu 0.1. Kwa ampea 32 joto linalozalishwa hapo ni 32 mara 32 mara 0.1, yaani wati 102. Ni kama kuwasha ile balbu ya zamani ya wati 100 ndani ya breka, kwenye nafasi isiyozidi ukubwa wa kidole, usiku kucha. Kwa hiyo tumia bisibisi yenye kipimo cha kukaza na ufuate namba iliyochapishwa ubavuni mwa breka. Mkono peke yake hautoshi, hata mkono wa fundi mkongwe. Waya wenye nyuzi nyingi uvishe feruli kwanza, kile kibomba kidogo cha chuma kinachobana nyuzi pamoja.

Hesabu ya kebo nayo ina mtego wake. Tuseme kisanduku cha ampea 32 kiko mita 40 kutoka ubao wa breka, umbali wa kawaida pale geti lilipo mbali na nyumba. Kebo ya shaba ya milimita mraba 4 ikifungwa ukutani inaweza kubeba mkondo huo kwa mujibu wa jedwali. Lakini inapoteza milivolti 11 kwa kila ampea kwa kila mita: 11 mara 32 mara 40 ni volti 14, zaidi ya asilimia 6 ya 230, na kikomo kwenye BS 7671, kanuni za Uingereza za ufungaji umeme, ni asilimia 5. Ya milimita 6, inayopoteza milivolti 7.3, itakupa volti 9.3, yaani asilimia 4. Inapita, kwa shida. Ya milimita 10, kwa milivolti 4.4, inakupa volti 5.6, na hiyo ndiyo ningefunga mimi, hasa kwenye mitaa ambayo saa mbili usiku umeme wenyewe tayari umeshuka.

Ongeza na joto la mahali. Majedwali hayo yamepigwa kwa nyuzi 30. Kwenye banda la bati Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari, hewa inaweza kufika 40, na kwa kebo ya PVC unatakiwa kuzidisha uwezo wake kwa 0.87. Kebo ya ampea 36 inabaki na 31, na tayari haitoshi. Breka za kawaida nazo hupimwa kwa nyuzi 30. Zikibanana ndani ya boksi la moto hukatika mapema. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa visanduku vya ampea 32 huelekeza breka ya 40, na mimi huacha nafasi tupu kati ya breka ya gari na jirani yake.

Halafu kuna meni, yaani laini kuu inayoingiza umeme nyumbani. Nyumba nyingi za fezi moja zina ampea 60. Shawa ya umeme ya kilowati 5, zile za papo kwa papo zilizojaa Nairobi, huvuta ampea 22. Pasi na birika, 9 na 9. Gari, 32. Jumla ni 72, na hujawasha jiko. Hapa una njia mbili: shusha kisanduku hadi ampea 16, au funga kisanduku chenye klampu inayosoma mkondo wa meni na kupunguza kiwango cha gari shawa inapowaka. Kwa kuwa ni kisanduku kinachotangaza ampea kupitia CP, kinaweza kubadilisha tangazo lake wakati wowote na gari likatii ndani ya sekunde chache. Hata ukiwa na klampu, mwelekeze mteja apange kuchaji usiku wa manane. Nchini Kenya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya moto mwaka 2023, yenye nafuu zaidi kwa saa zenye matumizi madogo. Anayechaji umeme mwingi afuatilie kama anastahili.

RCD inayopofushwa, na ethi inayogeuka

Kazi ya RCD unaijua: inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, ukipotea zaidi ya miliampea 30 inakata. Inafanya hivyo kwa kiini cha sumaku ambacho husisimka kwa mkondo unaobadilika. Sasa ndani ya gari kuna chaja inayogeuza AC kuwa DC, na ikipata hitilafu inaweza kurudisha DC laini kwenye laini yako. DC hiyo hailisisimui jicho la RCD. Inakijaza kiini sumaku hadi kinashindwa kuhisi kitu kingine. RCD inabaki imewashwa, kitufe chake cha kujaribia kipo, na siku mtoto akigusa waya ulio wazi haikati. Imepofuka, na hakuna taa itakayokuambia.

Kwa sababu hiyo RCD ya aina ya AC, iliyochorwa wimbi moja tu usoni, ni marufuku kwenye laini ya gari. Unahitaji Type A pamoja na kifaa kinachokata DC ikifika miliampea 6, au Type B ambayo inaona DC yenyewe. Visanduku vingi vya kisasa vina ulinzi wa miliampea 6 ndani yake; tafuta maneno hayo kwenye kitabu chake kabla hujaenda dukani, maana Type B ni ghali mno. Type A utaitambua kwa mchoro: wimbi zima juu, na vilima vya nusu wimbi chini yake. Kila kisanduku kiwe na RCD yake, inayokata nyutro pia, na laini yake isipite kwenye RCD ya nyumba nzima ya aina ya AC, kwa sababu hiyo nayo itapofuka.

Ethi ndiyo sehemu inayohitaji utulivu zaidi. Kwenye mfumo ambao shirika la umeme linakupa nyutro na ethi kwa waya mmoja unaogawanywa mlangoni pako, kuna hatari ya waya huo kukatika huko nje kwenye nguzo. Ukikatika, mkondo wa nyumba yako hauna njia ya kurudi, na kila kilichounganishwa na ethi kinapanda kuelekea volti 230. Ndani ya nyumba utasalimika kwa kiasi, kwa sababu mabomba na vyuma vyote vimeunganishwa pamoja na vinapanda kwa pamoja. Nje hali ni tofauti. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira, bodi yake imeunganishwa na ethi ya nyumba kupitia kebo, na mwenye gari amesimama peku kwenye udongo uliolowa, mkono kwenye kitasa. RCD haimsaidii, kwa sababu RCD haikati waya wa ethi.

Sehemu ya 722 ya BS 7671 imeandikwa kwa ajili ya hili. Njia zinazotumika sana ni mbili: kisanduku kinachogundua hitilafu hiyo na kukata nyaya zote pamoja na ethi, au kukitenga kisanduku na ethi ya shirika na kukipa chuma chake cha ethi ardhini. Ukichagua chuma, hakikisha mtu aliyegusa gari hawezi kwa mkono wa pili kufikia nguzo au bomba lililounganishwa na ethi ya nyumba. Kimahesabu RCD ya miliampea 30 inaridhika na ukinzani wa hadi omu 1,667, kwa sababu 50 gawanya kwa 0.03 ni hiyo, lakini mwongozo wa Uingereza unaonya kwamba ukinzani unaozidi 200 unaweza usitulie. Mchanga wa pwani mwezi wa kiangazi utakuonyesha maana ya onyo hilo: kipimo cha Aprili chenye mvua na cha Septemba si kitu kimoja. Pima wakati wa ukame, au ongeza chuma cha pili.

Kupima kabla ya kukabidhi

Anza umeme ukiwa umezimwa: mwendelezo wa waya wa ethi hadi kwenye terminali ya kisanduku, kisha insulesheni kwa volti 500, isiyopungua megaomu 1. Tenganisha kisanduku kabla ya kipimo hicho cha pili, la sivyo utaunguza bodi yake na kuilipa mwenyewe. Washa, pima ukinzani wa mzunguko wa hitilafu, pima ukinzani wa chuma cha ethi kama kipo, pima RCD kwa kifaa, usiridhike na kitufe. Halafu tumia adapta inayojifanya gari: weka hali ya gari limefika, sikiliza, kontakta isigonge, weka hali ya kuchaji, igonge, weka hitilafu ya CP, iachie mara moja. Mwisho chomeka gari lenyewe, subiri nusu saa kwa mzigo kamili, kisha pitisha kipima joto kwenye terminali zote. Nusu saa hiyo mafundi huiona ndefu. Ndiyo itakayokuonyesha skurubu iliyolegea kabla haijamwonyesha mteja.

Kuhusu ruhusa, Kenya leseni za mafundi umeme hutolewa na EPRA, na Tanzania hutolewa na EWURA, mamlaka ya huko inayosimamia nishati na maji, kila daraja na mipaka yake ya kazi. Mwanafunzi afanye kazi hizi chini ya fundi mwenye leseni anayeruhusiwa kusaini.

Pikipiki, mabasi na vituo vya DC

Kigali, Nairobi na Kampala, kazi nyingi ziko kwenye pikipiki. Kampuni kama Ampersand hubadilishana betri: dereva anaacha tupu, anachukua iliyojaa, na kabati la kituoni linachaji betri tupu kadhaa kwa pamoja. Kwa fundi, kabati hilo ni kundi la chaja ndogo za fezi moja, na kazi kubwa ni kuzigawa sawa kwenye fezi tatu na kulipatia kabati hewa ya kutosha. Nyutro yake usiipunguze saizi, kwa sababu chaja za namna hiyo hurudisha mikondo isiyofutana kwenye nyutro.

Mabasi, kama yale ya BasiGo yaliyoanza Nairobi mwaka 2022, huchajiwa kwa DC kwenye karakana. Huko kazi yako inaishia kwenye terminali za kuingilia: kebo nene ya fezi tatu, kinga ya radi, ethi, pengine transfoma. Ndani ya kabati usiingie bila mafunzo ya mtengenezaji. DC haipiti kwenye sifuri kama AC, hivyo cheche yake ikiwaka haijizimi, na kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti hata baada ya breka kuzimwa. Mlangoni pameandikwa dakika za kusubiri. Subiri zote, kisha pima kwa kifaa kinachofaa volti hizo, kwanza ukikijaribu kwenye umeme unaoujua, ndipo uweke mkono.